Saini 30,000 kwa Ajili ya Kondomu ya Kike: Uchambuzi wa Kisa cha Zimbabwe

Katikati ya miaka ya 1990, wanawake wa Zimbabwe wapatao 30,000 walitia saini ombi moja likapelekwa serikalini. Hawakudai zahanati mpya, wala mishahara, wala viti bungeni. Walitaka kondomu ya kike iruhusiwe kuingia nchini mwao, basi.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara msimulizi husimama upande wa muuzaji. Kampuni ya Marekani yenye makao yake Chicago ilikuwa na bidhaa ambayo wanunuzi wa huko hawakuichangamkia. Siku moja mkuu wa kampuni hiyo, Mary Ann Leeper, akapigiwa simu kutoka Zimbabwe, akaambiwa kuna ombi lenye saini 30,000. Kampuni ikageukia Afrika, ikapata uhai mpya. Ni simulizi ya kweli na sina ugomvi nayo. Ila mimi nataka kuanzia kwa walioshika kalamu, maana wao ndio waliokuwa na la kupoteza. Walidai nini hasa? Walipewa kiasi gani cha walichodai? Na kilichobaki, ni nani anayedaiwa?

Hali ilivyokuwa

Kufikia mwisho wa 1997, makadirio ya Umoja wa Mataifa yalionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne Zimbabwe anaishi na VVU. Dawa za mseto za kupunguza makali ya VVU, zilizoanza kuokoa wagonjwa Ulaya na Marekani mwaka 1996 zilikuwa bado mbali sana na mgonjwa wa kawaida wa Harare au Bulawayo, achilia mbali wa kijijini. Aliyeambukizwa aliuguzwa nyumbani, akazikwa. Njia pekee ya kuishi ilikuwa kutoambukizwa.

Ushauri wa kutoambukizwa ulikuwa wa aina tatu: acha ngono, kuwa mwaminifu, tumia kondomu. Usome ushauri huo ukiwa mke wa mtu. La kwanza halikuhusu tena. La pili unalitimiza, lakini uaminifu wako haukukingi na safari za mwenzako. La tatu linavaliwa na yeye, akitaka. Wazimbabwe wana msemo wa "nyumba ndogo" kwa maana ile ile tuliyo nayo sisi Waswahili, na wake wengi walijua nyumba ndogo ipo, wengine walijua hata mtaa ilipo. Kujua huko hakukuwasaidia chumbani. Mke akitaja kondomu, anarudishiwa swali: unamaanisha mimi ni mgonjwa, au wewe ndiye umeanza kutoka nje? Hapo hakuna jibu lisiloleta ugomvi, na ugomvi wa namna hiyo mara nyingi huishia kwenye kipigo au talaka.

Sheria nayo ilikuwa upande gani? Hadi mwaka 2001, mume kumwingilia mkewe bila ridhaa yake hakukuhesabiwa kosa la jinai Zimbabwe. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka huo ndiyo iliyobadilisha jambo hilo. Mahari, ambayo Washona huiita roora, ilichukuliwa na waume wengi kuwa imelipia na ruhusa ya mwili. Ni kweli kwamba tangu 1982 sheria ilimtambua mwanamke wa miaka 18 kuwa mtu mzima kamili. Lakini mwaka 1999, katika kesi ya urithi ya Magaya, Mahakama ya Juu ilimpa urithi mtoto wa kiume ikamwacha dada yake mkubwa, kwa hoja ya mila, na katiba ya wakati ule iliacha mlango wazi kwa hoja ya aina hiyo.

Naeleza haya yote kwa sababu bila hayo ombi lile linaonekana dogo. Mwanamke aliyeandika jina lake kwenye karatasi akidai kondomu alikuwa anakiri hadharani, kwa mwandiko wake, kwamba ndoa haimlindi. Katika nchi ambayo neno kondomu lilinuka umalaya, hiyo saini ilihitaji moyo. Wanaharakati wa mtandao wa wanawake na UKIMWI, unaojulikana kwa kifupi kama WASN, ndio waliobeba kampeni hiyo, na waliibeba katika wakati ambao upepo ulikuwa unawasukuma kidogo: mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Cairo wa 1994 ulikuwa umetamka afya ya uzazi kuwa haki, na ule wa Beijing wa 1995 ulikuwa umesema waziwazi kwamba haki za binadamu za mwanamke zinajumuisha kuamua kwa uhuru juu ya mambo ya ujinsia wake, bila shuruti, ubaguzi wala ukatili. Wanawake wa Zimbabwe waliyachukua maneno hayo wakayatafutia kifaa.

Kifaa chenyewe, bila kukipamba

Kondomu ya kike ilibuniwa na daktari wa Denmark, Lasse Hessel, katika miaka ya 1980. Ni mfuko laini wenye pete mbili. Pete ya ndani, upande ulioziba, husukumwa hadi karibu na mlango wa kizazi. Ya nje hubaki nje na kufunika sehemu ya uke. Mwanamke anaweza kuivaa saa kadhaa kabla ya tendo, kwa hiyo hahitaji kusubiri mwenzake awe tayari, wala kubishana naye dakika ambayo mabishano hayashindiki. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na kwa maoni yangu inatosha kuwa sababu ya kudaiwa.

Lakini mtetezi wa haki asidanganye kuhusu kifaa. Kwa matumizi ya kawaida ya mwaka mzima, wanawake 21 hivi kati ya 100 wanaoitegemea hupata mimba, wakati kwa kondomu ya kiume ni 13 hivi. Wakiitumia kwa usahihi kila mara, idadi hushuka hadi 5. Inahitaji mazoezi, mara ya kwanza wengi huiona ngumu, na wengi huiacha hapo hapo kama hakuna wa kuwaelekeza. Toleo la kwanza lilipiga kelele kidogo. Na pete ya nje inaonekana na kuguswa, kwa hiyo kuitumia kwa siri kabisa ni vigumu. Utafiti wa mapema uliofanyika Zimbabwe kwenyewe na kuchapishwa mwaka 1995 ulikuta wanawake wakiipokea vizuri, ila mazungumzo yao yaliendelea kuzunguka kile ambacho mwanaume atasema au atahisi.

Nalisisitiza hili kwa sababu baadhi ya wafadhili waliitangaza kana kwamba mwanamke akishaipata hamhitaji tena mtu yeyote kukubali chochote. Si kweli. Kinachobadilika ni nani anayeanzisha. Anayesema "nimeshavaa" yuko mahali tofauti na anayesema "naomba uvae". Yule wa kwanza amekwisha kufanya jambo juu ya mwili wake mwenyewe, na mwanaume anayetaka kulitengua inabidi aonekane akilitengua.

Kuna jambo jingine la kifaa ambalo wachambuzi wa haki hulipita haraka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipoiidhinisha mwaka 1993, iliiweka daraja la tatu, yaani daraja la vifaa vya hatari kubwa, pamoja na vidhibiti mapigo ya moyo. Kondomu ya kiume ilikuwa daraja la pili. Maana yake ni kwamba mtengenezaji mpya aliyetaka kuingia soko hilo alitakiwa kuleta majaribio ghali ya kitabibu. Wachache waliweza. Kondomu ya kike ilishushwa daraja mwaka 2018, robo karne baadaye. Katika miaka yote hiyo wanawake wa nchi zilizokuwa zinazikwa na UKIMWI walinunua kutoka kwa watengenezaji wanaohesabika kwa vidole. Uamuzi wa ofisini huko Marekani uliingia hivyo katika bei ya kliniki ya Zimbabwe, na mwanamke wa Zimbabwe hakuwa na mahali pa kuukatia rufaa.

Walidai kwa msingi gani

Zimbabwe ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni mwaka 1991, na mwaka huo huo ikajiunga na mkataba wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW. Wa kwanza, katika kifungu cha 12, unatambua haki ya kila mtu kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na katika kifungu cha 15 unatambua haki ya kunufaika na maendeleo ya sayansi. Wa pili unaitaka nchi iondoe ubaguzi katika huduma za afya, na katika kifungu cha 16 unampa mwanamke haki sawa ya kuamua idadi ya watoto na nafasi kati yao, pamoja na habari, elimu na njia za kumwezesha kuitumia haki hiyo. Neno "njia" limo humo humo ndani ya kifungu. Haki ya kuamua bila kitu cha kuamulia haikutosha kwa walioandika mkataba huo.

Baadaye yakaja maandiko yaliyo wazi zaidi. Mwaka 2000 kamati inayosimamia mkataba wa kwanza ilieleza kwamba haki ya afya ina vipimo vinne: huduma iwepo, ifikike, ikubalike kwa watu wanaohudumiwa, na iwe na ubora. Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo Zimbabwe iliiridhia mwaka 2008, ilikwenda mbali zaidi kuliko mkataba wowote uliotangulia: kifungu cha 14 kinataja haki ya mwanamke kujikinga, na kukingwa, dhidi ya magonjwa ya zinaa likiwemo VVU. Kujikinga kumetangulia. Wanawake wa ombi lile walikuwa wamedai hilo hilo miaka kadhaa kabla halijaandikwa.

Sasa tulete vipimo hivyo kwenye kisa.

Serikali inapodaiwa haki ya afya, utetezi wake wa kawaida ni umaskini: haki hizi hutimizwa hatua kwa hatua, kadiri uwezo unavyoruhusu. Utetezi huo una uzito pale mtu anapodai hospitali. Lakini kuruhusu bidhaa iliyokwisha kuidhinishwa kwingine iingie nchini hakuhitaji bajeti kubwa. Ni faili, kamati, muhuri. Katika hatua hii wanawake hawakuwa wanaiomba serikali iwape, walikuwa wanaiomba isiwazuie. Kila mwezi ombi lile lilipokaa bila jibu, hoja ya fedha haikuwepo ya kuutetea.

Na serikali ilijibu. Ruhusa ilitoka, na mwaka 1997 kondomu ya kike ikazinduliwa Zimbabwe kwa mpango wa mauzo yenye ruzuku, uliosimamiwa na PSI, shirika la kimataifa la afya. Hili lazima lihesabiwe kuwa ushindi, tena mkubwa. Nchi nyingi zilipokea kondomu ya kike kwa sababu mfadhili aliileta. Zimbabwe iliipokea kwa sababu wanawake wake waliidai kwa majina yao.

Jina ililopewa

Ilipofika madukani haikuitwa kondomu. Ilipewa jina la Care na kutangazwa kama mfuko wa kuzuia mimba. Waliobuni mkakati huo walikuwa na sababu ya kueleweka: neno kondomu lilikuwa limeshikana na magonjwa na uhusiano wa nje ya ndoa, na walengwa walikuwa wanawake wenye wenzi wa kudumu, waliohitaji kuitaja nyumbani bila kuwasha moto. Mke angeweza kusema, "Nesi kaniambia hii ni ya uzazi wa mpango," na mazungumzo yakapita salama.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu na bado naona pande zote mbili zina haki. Mwanamke anayeogopa kupigwa leo usiku anahitaji neno litakalompitisha leo usiku, na sina ujasiri wa kumwambia asubiri jamii ibadilike kwanza. Kwa upande mwingine, wale 30,000 walikuwa wamesaini kwa sababu ya UKIMWI. Waliweka wazi kile ambacho jina jipya lilikiweka pembeni. Kipimo cha habari, ambacho ni sehemu ya kufikika kwa huduma, kinataka mtu ajue kitu alichoshika kinamkinga na nini. Mwanamke aliyefunga kizazi, au aliyevuka umri wa kuzaa, akisikia "mfuko wa kuzuia mimba" ataona hakimhusu, wakati VVU vinamhusu sawasawa na binti wa miaka 20.

Nisingelilaumu jina. Ningelaumu kwamba hapakuwa na sauti ya pili ya serikali, redioni na zahanati, ya kusema lile ambalo pakiti haikuweza kulisema.

Bei, na mahali ilipowekwa

Mwaka 1996 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, ilifikia makubaliano na kampuni ile ya Chicago ili sekta ya umma ipate bei nafuu. Nafuu hiyo bado ilikuwa zaidi ya nusu dola kwa kondomu moja, wakati ya kiume ilikuwa ikinunuliwa kwa senti 3 hivi. Tofauti ya karibu mara 20. Ruzuku ilipunguza bei ya dukani, lakini mgao wa kwanza ulipita hasa kwenye maduka ya dawa na baadhi ya kliniki za mijini. Mkulima wa kijijini, ambaye mumewe anafanya kazi mjini na kurudi mwisho wa mwezi, alikuwa na hatari ile ile na hakuwa na duka la dawa.

Jinsi bei inavyouma ilionekana kusini mwa Afrika kote: wanawake walikuwa wakizifua na kuzitumia tena. Jambo lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, huku likisisitiza kwamba kila tendo linahitaji kondomu mpya, lilitoa utaratibu wa kuua vijidudu, kuosha na kukausha kwa ajili ya wale wasio na namna nyingine. Kwa mtu anayetafuta ushahidi wa mahitaji, utaratibu huo unatosha. Hakuna anayefua kitu asichokitaka. Wakati huo huo maafisa wa ununuzi katika nchi nyingi walikuwa wakiandika kwamba "wanawake hawaipendi", wakiichukua rafu isiyonunuliwa kuwa jibu, bila kuuliza ilikuwa na bei gani, iko mtaa gani, na kama kuna aliyewahi kumwonyesha mteja namna ya kuivaa.

Na zipo habari za namna nyingine zilizoripotiwa mwaka 2005 kutoka Zimbabwe: wanawake walikuwa wakitoa pete ya kondomu na kuivaa mkononi kama bangili. Wengi walizisoma wakacheka. Mimi naziona kama ripoti ya ukaguzi. Kifaa kilifika, maelezo hayakufika. Anayeona ndani yake bangili tu, hakuna aliyekaa naye dakika 15 kumweleza.

Toleo la pili, FC2, lililotengenezwa kwa mpira bandia wa nitraili badala ya plastiki ya mwanzo, lilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa ununuzi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Lilikuwa laini zaidi, lisilo na kelele, na rahisi zaidi kuzalisha kwa wingi. Watengenezaji wengine walifuata, wakiwemo Cupid wa India, waliokubaliwa mwaka 2012. Ushindani ulianza hapo, miaka 16 hivi baada ya ombi.

Saluni

Sehemu ya kisa hiki ninayoipenda kuliko zote ilianza baada ya 2000, pale PSI na washirika wake, likiwemo shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA, walipokwenda saluni. Wasusi wa Zimbabwe walifundishwa jinsi kondomu ya kike inavyofanya kazi, wakapewa mfano wa plastiki wa kuonyeshea, wakaanza kufundisha na kuuza huku wakisuka. Vinyozi wa kiume nao waliingizwa kwa upande wa wateja wao.

Aliyebuni hili alikuwa anawajua wanawake. Kusuka kichwa kizima huchukua saa nyingi. Mteja hana pa kwenda, msusi hana haraka, na mazungumzo ya saluni hayana mwanaume wa kuyakatiza. Kliniki ina foleni, na nesi ana dakika tatu. Msusi ana mchana mzima, na mteja atarudi baada ya wiki kadhaa na maswali: ilinitoka, niliiweka vibaya, mume kauliza hii ni nini, nimjibuje. Marudio hayo ndiyo yanayomfanya mtu apite ugumu wa mara ya kwanza, na ndiyo kipimo cha "kukubalika" kinavyoonekana kikitekelezwa na watu wenyewe.

Lakini tukirudi kwenye sheria, msusi si mwenye jukumu. Anafanya wema, anafanya na biashara kidogo. Programu inayoendeshwa kwa fedha za mfadhili inaweza kufungwa kwa barua ya ukurasa mmoja kutoka mji mkuu wa nchi nyingine, na mteja wa saluni hana wa kumshitaki. Hapa ndipo ninapoiona hoja kuu ya kisa hiki: tangu 1997, kondomu ya kike Zimbabwe imeletwa kwa sehemu kubwa mno na fedha za nje. Dola ya Zimbabwe iliporomoka, mwaka 2008 kliniki zikafunga na kipindupindu kikasambaa, na mwanamke mwenye haki ya kujikinga akabaki akitegemea meli na bajeti za watu asiowapigia kura.

Na hii si nchi isiyojua kuchangisha. Tangu Januari 2000 Zimbabwe imekuwa na tozo ya UKIMWI, asilimia 3 ya kodi ya mapato, iliyosifiwa dunia nzima, na iliyosifiwa kwa haki. Sehemu kubwa ilielekezwa kwenye dawa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka mgonjwa anyimwe dawa. Hata hivyo, nchi iliyoweza kuwaambia wafanyakazi wake wote wachangie haiwezi kusema kwamba hata fungu dogo na la uhakika kwa ajili ya kinga ya wanawake haliko ndani ya uwezo wake.

Polisi

Mwaka 2012 utafiti uliochapishwa kuhusu nchi sita, Zimbabwe ikiwa mojawapo, ulieleza jinsi polisi walivyokuwa wakitumia kondomu walizowakuta nazo wanawake kama ushahidi wa ukahaba. Wanawake waliohojiwa walisema wameacha kutembea nazo kwa kuogopa kukamatwa. Mijini Zimbabwe, wanawake waliokutwa barabarani usiku walikamatwa kwa jumla jumla, wauza ngono na wasiouza, muuguzi anayetoka zamu na binti anayetoka kwa shangazi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliwapa ushindi wanawake waliokamatwa kwa namna hiyo katika eneo la Avenues, Harare, na kueleza kwamba haiwezekani kumshitaki mwanamke kwa kuzurura kwa ukahaba bila mwanaume wa kuthibitisha kwamba alishawishiwa.

Nimeliweka hili kwenye uchambuzi wa kondomu ya kike kwa makusudi. Wizara moja inagawa, nyingine inakamata kwa kugawiwa. Kwa lugha ya mikataba, serikali imeshindwa wajibu wa kwanza kabisa, wa kuheshimu, yaani kutomzuia mtu kuitumia haki yake, ambao hauhitaji hata senti. Na anayeumizwa zaidi ni yule aliye katika hatari kubwa zaidi, ambaye mteja wake akikataa kondomu ya kiume, ile ya kike ndiyo ngao iliyobaki.

Anayedaiwa

Nikipima kisa chote: kuruhusu, wanawake walishinda. Kuwepo, walipata kwa sehemu, mijini zaidi ya vijijini, na kwa mkono wa mfadhili. Kukubalika kulijengwa na wasusi. Ubora uliongezeka kwa kuchelewa. Bei ilibaki kuwa ukuta, na usalama wa kutembea nayo mkobani ulibidi ufike mahakamani.

Mwaka 2013 Zimbabwe ilipata katiba mpya. Kifungu cha 76 kinasema kila raia na mkazi wa kudumu ana haki ya kupata huduma za msingi za afya, zikiwemo huduma za afya ya uzazi, na kwamba serikali ichukue hatua za kuridhisha, ndani ya mipaka ya uwezo wake, kuifikia haki hiyo hatua kwa hatua. Kifungu cha 80 kinabatilisha sheria, mila na desturi zinazoingilia haki za wanawake zilizotolewa na katiba. Mlango uliotumika mwaka 1999 dhidi ya yule dada mkubwa katika kesi ya Magaya ulifungwa.

Kwa hiyo leo mwanamke wa Zimbabwe aliyekwenda zahanati ya wilaya yake mara tatu na kukuta hakuna kondomu ya kike ana kifungu cha kusimamia. Mahakama ingelazimika kuiuliza serikali maswali ya kawaida sana: mliagiza ngapi mwaka huu kwa fedha zenu? Zilifika wilaya zipi? Ni wauguzi wangapi waliofundishwa kuzielekeza? Nani alipanga, na alipanga kwa kumuuliza nani? Serikali inayoweza kujibu hayo kwa nyaraka huenda ikashinda kesi, hata kama zahanati ile moja haikuwa nazo. Isiyoweza kujibu haiwezi kujificha nyuma ya maneno "mipaka ya uwezo", kwa sababu haijawahi kuupima huo uwezo.

Ningependa kuiona kesi hiyo ikifunguliwa. Na ningependa kielelezo cha kwanza kitakachowekwa mezani kwa hakimu kiwe karatasi zile za saini.